Bandu Bandu: Rekodi za Vigogota

Asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza kutikisa majani, sauti ya ko-ko-ko hutoka kwenye tawi kavu. Hapo huhitaji kuambiwa kwa nini ndege huyu anaitwa kigogota: jina lake ndiyo kazi yake. Duniani kuna zaidi ya aina 230 za vigogota, ingawa ukienda Australia au Madagaska hutamkuta hata mmoja. Rekodi zilizokusanywa hapa ni zao, lakini hatungekuwa nazo kama wasingekuwapo watu waliokubali kukaa chini ya mti na kungoja.

Mkubwa kuliko wote

Kigogota mfalme wa Mexico alifikia urefu wa sentimita 60 hivi. Aliishi kwenye misonobari mikubwa ya milima ya Sierra Madre Occidental. Mwaka 1956, huko Durango, daktari wa meno kutoka Marekani, William Rhein, akiwa juu ya mgongo wa baghala, alimpiga filamu jike mmoja. Picha zinatikisika. Jike anapanda shina, kishungi chake cheusi kikiyumba, kisha anaruka na kutokomea. Filamu nzima ni sekunde 85. Misonobari ilikatwa, ndege wakapigwa risasi, na tangu mwaka huo hakuna aliyethibitisha kumwona tena. Sekunde hizo ndizo picha pekee tulizonazo za ndege huyo akiwa hai.

Leo nafasi yake imeshikwa na kigogota mkubwa wa kijivu wa Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, mwenye urefu wa nusu mita hivi.

Wadogo kuliko wote

Hao ni vigogota vibete. Amerika ya Kusini wapo wenye sentimita 7.5 tu na uzito usiozidi gramu kumi. Afrika nayo ina wake, anayeishi kwenye misitu ya Kongo hadi magharibi mwa Uganda. Hapo jicho halitoshi. Ni lazima sikio litangulie.

Kichwa kigumu kuliko vyote

Kigogota anaweza kupiga mti hadi mara 20 kwa sekunde. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba fuvu lake lina kitu kama sponji cha kupunguza kishindo. Mwaka 2022, Sam Van Wassenbergh na wenzake walichapisha matokeo ya kuwarekodi vigogota wa aina tatu kwa kamera za kasi kubwa. Wakaona kichwa chote kinasimama kwa pamoja, kama nyundo. Ukifikiri, ndivyo inavyopaswa kuwa: fundi gani angefunga godoro kwenye nyundo yake? Kinachomwokoa ni udogo wa ubongo wake, kwa sababu kishindo ambacho kingemwumiza mwanadamu hakifiki kiwango cha kumdhuru yeye.

Ghala kubwa kuliko yote

Kigogota wa California hutoboa mti vitundu, kila kimoja akakijaza tunda moja la mwaloni. Mti mmoja unaweza kubeba matunda 50,000, kazi ya ukoo mzima kwa vizazi. Mtazame kwa karibu: tunda likikauka hunywea na kuanza kulegea, naye hulichomoa, akalihamishia kwenye kitundu chembamba zaidi, akaligongelea mpaka likabane. Asipofanya hivyo, litaibwa. Tunayajua hayo kwa sababu mwaka 1968 Michael na Barbara MacRoberts walianza kuwafuatilia ndege hao katika hifadhi ya Hastings, na Walter Koenig na wenzake wakaiendeleza kazi hiyo kwa miongo kadhaa.

Mjenzi mwenye subira kuliko wote

Kusini-mashariki mwa Marekani yupo kigogota anayechonga nyumba yake ndani ya msonobari ulio hai, kazi inayoweza kumchukua miaka. Kisha hutoboa gome kuzunguka mlango ili utomvu utiririke na kumzuia nyoka. Septemba 1989 kimbunga Hugo kiliangusha sehemu kubwa ya miti yenye matundu katika msitu wa Francis Marion, Carolina ya Kusini, na zaidi ya nusu ya ndege hao wakapotea. Watafiti wakapanda kwenye misonobari iliyosalia, wakaichonga na kupachika ndani yake visanduku vyenye matundu. Ndege wakaingia, wakazaa. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilimwondoa kigogota huyu kwenye daraja la walio hatarini kabisa, ikamweka kwenye daraja lenye nafuu kidogo.

Waliochelewesha safari ya anga

Mwaka 1995, huko Florida, vigogota walitoboa matundu yapatayo 200 kwenye sponji ngumu iliyofunika tangi la chombo cha anga Discovery. Ilibidi chombo kirudishwe ndani kutengenezwa, na safari iliyopangwa Juni ikaondoka Julai 13.

Aliye karibu nawe kuliko wote

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, huyu ni kigogota kadinali, mdogo, dume akiwa na wekundu kichwani. Hachagui sana: utamkuta msituni, bustanini, hata kwenye mabua makavu ya mahindi. Usimkimbilie. Tafuta vibanzi vipya chini ya mti, kaa mbali kidogo, nyamaza. Akitokea, andika tarehe, saa, aina ya mti na alichokuwa akifanya. Kesho rudi palepale.

Bandu bandu huisha gogo. Watafiti wa Hastings nao walianza na mstari mmoja kwenye daftari, na ndege wao tunawajua kwa vizazi. Yule mfalme wa Mexico tunamjua kwa sekunde 85.