Mafunzo Mafupi Baina ya Mihula: Kalenda ya Chuo na Kalenda ya Chama

Mwaka wa masomo katika vyuo vikuu vya Tanzania hugawanywa katika mihula miwili. Huanza Oktoba au Novemba, hupata mapumziko mafupi baina ya mihula, aghalabu Februari au Machi, na humalizikia katika likizo ndefu ianzayo Julai au Agosti. Katika nafasi hizo madarasa hubaki wazi na mabweni hupungua watu. Ndipo vyuo hupata fursa ya kuendesha mafunzo mafupi ya mkazo: somo ambalo mwanafunzi wa kawaida hulisoma kwa muhula mzima hufundishwa kutwa kwa wiki mbili au tatu, kwa watu wenye kazi zao. Kwa vyama vya msingi vya Mwanza jambo hili ni jema, lakini lina mtego ambao makatibu hawana budi kuutambua kabla ya kupeleka majina.

Mtego wenyewe ni kalenda. Likizo ndefu, ambayo ni rahisi kuliko zote kwa chuo, ndiyo majira ya ununuzi wa pamba. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa pamba hupandwa baina ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, na ununuzi hufunguliwa kwa kawaida Mei au Juni, ukaendelea mpaka Agosti na hata Septemba. Tangu msimu wa 2018, Serikali ilipoelekeza kwamba pamba inunuliwe kupitia vyama vya ushirika, kazi ya katibu katika miezi hiyo imezidi kuwa nzito. Mizani, stakabadhi, leja na malipo ya wakulima vyote vimo mikononi mwake. Katibu akienda darasani wiki tatu katika mwezi wa Julai, hasara haimpati yeye. Humpata mkulima aliyeleta pamba yake akapewa stakabadhi yenye uzito usio sahihi na mtu asiyezoea kazi. Chama kitakuwa kimelipa karo ya somo la utunzaji wa hesabu, na wakati huohuo hesabu zake zimeharibika.

Kwa hiyo ratiba ya mafunzo haifai kuanza na swali la lini madarasa yatakuwa wazi. Yafaa ianze na swali la lini chama kinaweza kumkosa mtu wake. Kwa vyama vya pamba jibu liko katika mapumziko mafupi ya Februari au Machi. Mbegu zimekwisha gawiwa, shamba limepandwa, na mizani bado imefungwa. Kazi haikosekani, kwa maana hayo ni majira ya kupulizia dawa na wanachama huja kuulizia viuatilifu; hata hivyo kazi hiyo mjumbe wa Bodi au karani aweza kuisimamia kwa siku kumi na tano.

Mapumziko hayo nayo yana matatizo yake upande wa chuo. Wiki ya kwanza wahadhiri wangali wakisahihisha mitihani ya muhula uliokwisha. Si busara kuanza mafunzo siku ileile wanafunzi wanapofunga mabegi. Hata likizo ndefu si tupu kama inavyodhaniwa na walio nje: wahadhiri wa ualimu huzunguka mashuleni kukagua mazoezi ya kufundisha, wengine hufuata wanafunzi walio katika mafunzo ya vitendo, na mitihani ya marudio hushika madarasa kabla mwaka mpya haujafunguliwa. Chama kinachoandika barua ya maombi wiki mbili kabla ya mafunzo kisishangae kikijibiwa kwamba hakuna mwalimu.

Kirumba ina hesabu ya namna nyingine. Huko Mwaloni, kwenye soko linalopeleka dagaa na samaki wakavu hata nchi jirani, si mvua inayotawala kazi bali ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri wakati wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi mingi hupumzishwa kwa siku kadhaa, nyavu hushonwa na wavuvi wengi huenda makwao. Kwa kiongozi wa chama cha wavuvi au cha wachuuzi wa dagaa, siku hizo ndizo likizo yake ya kweli. Mafunzo ya wiki tatu mfululizo hayawezi kuingia humo. Mafunzo ya siku sita au saba yaweza kuingia, kisha yakaendelea katika mbalamwezi ya mwezi unaofuata. Izingatiwe pia kwamba miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354 tu. Tarehe iliyofaa mwaka huu itakuwa imesogea nyuma siku kama kumi na moja mwaka ujao. Kunakili ratiba ya mwaka uliopita ni kuwaita wavuvi darasani wakati wa giza, nao hawatakuja.

Linabaki suala la saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa kumi za kujifunza, na ndani yake huhesabiwa mihadhara, semina, mazoezi na usomaji wa mtu binafsi. Somo la krediti kumi basi ni saa 100. Zikigawanywa kwa siku kumi na tano za kazi, kila siku hupata saa sita na dakika arobaini. Zikigawanywa kwa siku kumi, ni saa kumi kila siku, na hakuna mtu mzima aliyekaa miaka ishirini bila kushika kalamu atakayezibeba. Wapangaji hupenda kupunguza saa za mazoezi ili mihadhara yote itoshee. Hilo ni kosa, kwa sababu katibu hajifunzi kulinganisha leja na taarifa ya benki kwa kusikiliza.

Njia iliyo bora ni kuyagawa mafunzo mafungu matatu: usomaji wa nyumbani kabla, siku chache za darasani, kisha kazi ya kufanywa chamani kwa kutumia vitabu vya chama chenyewe. Jambo hili si geni katika ushirika. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikaundwa Kituo cha Elimu ya Ushirika, kilichowafikia wanachama na watumishi wa vyama kwa masomo ya posta, vikundi vya kujisomea na vipindi vya redio. Hakuna aliyelazimika kuliacha shamba lake muhula mzima. Chuo hicho kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 2004, kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi mwaka 2014, nacho kina kampasi yake Kizumbi, Shinyanga, ambako mtu wa Mwanza hufika kwa safari ya saa chache. Redio na posta zaweza leo kubadilishwa kwa simu ya mkononi. Utaratibu wenyewe haujapitwa na wakati.

Mahali nako kuna uzito wake. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kiko Malimbe karibu na Nyegezi, kusini mwa jiji, ilhali Kirumba iko kaskazini. Mama anayeuza dagaa Mwaloni hatavuka jiji lote asubuhi na jioni kwa wiki nzima, akiacha meza yake. Ni nafuu mhadhiri mmoja avuke kuliko wanafunzi thelathini.

Fedha za mafunzo hutoka katika makisio, na makisio hupitishwa na Mkutano Mkuu. Chama kinachotaka kumpeleka mtu Februari hakina budi kuliweka jambo hilo mbele ya wanachama katika mkutano unaopitisha makisio ya mwaka huo, pamoja na jina la atakayeshika kazi yake, idadi ya siku, nauli, na kazi atakayorudi nayo. Barua kwa chuo ifuate mara tu baada ya mkutano, ikitaja tarehe mbili zinazokifaa chama, ili chuo kichague moja.