Dawa ya Mizizi kwa Tumbo na Maumivu: Inapimwaje?



Baada ya Misa kigangoni, si ajabu mtu kumvuta frateri kando na kumuuliza: "Frateri, hii mizizi ya tumbo ninywe au nisinywe?" Swali ni la haki. Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya miombo, na Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wamechimba humo dawa tangu zamani. Mtaalamu anayepima dawa hizo haulizi kama wazee walikuwa na akili, walikuwa nayo. Anauliza ni mti gani hasa, unafanya nini mwilini, na ni kwa kiasi gani unageuka sumu.

Tuchukue mzigi, mti wa miombo wenye maua ya zambarau, ambao kitaalamu huitwa Securidaca longipedunculata. Mzizi wake ukikatwa hunukia kama dawa ya kuchua misuli, kwa sababu una methili salisileti, ndugu wa karibu wa aspirini. Anayeutumia kwa maumivu basi hajapotea njia. Lakini mzizi huohuo una vitu vingine vikali, na katika nchi kadhaa za Afrika umeua watu. Kinachotenganisha dawa na sumu hapo ni kipimo, na "kiganja kimoja" cha mzee huyu si kiganja cha yule.

Kazi ya kupima huanza porini. Mtafiti huchukua tawi lenye majani na ua au tunda, hulikausha kati ya magazeti na kulipeleka kwa wataalamu wa mimea, maana jina la Kimwera laweza kuwa la mti mwingine kabisa kwa Myao. Mizizi hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa na kuchujwa, kisha kimiminika hukaushwa mpaka ubaki unga au uji mzito. Hapa mimi huwa na shaka na baadhi ya tafiti: mganga huchemsha kwa maji, maabara huloweka kwa spiriti. Spiriti huvuta vitu ambavyo maji hayavuti, hivyo kilichopimwa si kile alichokunywa mgonjwa.

Kwa maumivu, panya wadogo hudungwa tumboni asidi ileile iliyomo kwenye siki, iliyozimuliwa, nao hujinyonganyonga. Kundi moja limepewa maji tu, jingine aspirini, mengine dawa ya mti kwa vipimo tofauti. Mtafiti huhesabu kila kundi limejinyonga mara ngapi. Kwa kuharisha, panya hunyweshwa mafuta ya nyonyo. Kuna pia kipimo cha makaa: panya hunyweshwa unga wa mkaa, na baada ya nusu saa hivi hutazamwa umefika wapi kwenye utumbo. Ukiwa umesafiri kidogo, dawa imepunguza mwendo wa tumbo. Kando ya hayo hupimwa sumu, kwa kuongeza dozi na kuwaangalia wanyama kwa siku kadhaa.

Matokeo mazuri kwa panya bado si ruhusa ya kumpa mtoto. Nchini kwetu kazi hii hufanywa, miongoni mwa wengine, na Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti. Na waganga wanasimamiwa na Baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Wakati huo nyumbani, mtoto anayeharisha anahitaji kwanza maji ya ORS, hata kama bibi ana majani ya mpera jikoni. Dawa inayotuliza maumivu ina hatari nyingine: inaweza kuficha ugonjwa. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia, pamoja na homa na kutapika, yaweza kuwa kidole tumbo, na hayo hayasubiri mizizi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Beba kipande cha mzizi ulioutumia, na umwambie daktari ulikunywa lini na kiasi gani.