Ruhusa ya Kuweka Sola Shambani

Wakulima wa skimu, kutoka Kinangop mpaka Lugari, wanazidi kutaka nguvu za jua za kuwasha taa, kupoza maziwa na kuvuta maji. Swali wanaloliuliza mara kwa mara ni hili: Je, ni lazima nipate ruhusa ya Serikali kwanza? Jibu ni kwamba ruhusa si moja. Iko ya umeme, iko ya ujenzi, na kwa mwenye pampu iko ya maji, na kila moja ina ofisi yake.

Tuanze na iliyo rahisi. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema kwamba mtu anayetengeneza umeme kwa matumizi yake mwenyewe, usiozidi megawati 1, hahitaji kibali. Megawati 1 ni wati 1,000,000. Bamba moja kubwa la siku hizi hutoa wati 400 au 500, basi mkulima mwenye mabamba sita yuko mbali sana na mpaka huo. Mtu akija kwako akidai pesa za "leseni ya jua", mwulize ametumwa na ofisi gani, wala usimpe hata shilingi.

Ujenzi ni jambo lingine. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inakataza mtu kuanza kazi ya ustawishaji katika kaunti kabla ya kupata ruhusa ya kaunti hiyo, na neno hilo lina maana pana: hata kazi ya ujenzi juu ya ardhi yako mwenyewe imo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa hiyo ukitaka kujenga nyumba ya mawe ya kuwekea betri, au kusimamisha vyuma vyenye saruji shambani kwa ajili ya mabamba, peleka maombi kwanza katika ofisi ya mipango ya kaunti. Hata kama ni mabamba machache juu ya paa la zamani, pita hapo uulize. Kuuliza ni nauli tu. Chukua hati ya shamba au karatasi ulizopewa ulipogawiwa kiwanja, pamoja na mchoro unaoonyesha nyumba, mpaka, barabara na nyaya za stima zinazopita. Usijenge chini ya nyaya hizo, wala katika ardhi ya barabara.

Weka nakala ya maombi yenye tarehe. Zikipita siku 60 bila jibu la maandishi, sheria inahesabu kwamba ruhusa imetolewa. Ukikataliwa na huridhiki, una siku 14 za kukata rufani kwa kamati ya kaunti inayoshughulikia mambo hayo ya mipango.

Wewe huhitaji leseni, lakini fundi wako anaihitaji. Mafundi wa sola hupewa leseni na Halmashauri ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, kwa madaraja T1, T2 na T3. T1 ni ya mitambo midogo. T3 ni ya mikubwa, pamoja na ile inayoungwa na stima ya kampuni. Itazame leseni kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Tena mwache fundi apande darini akague mbao, kwa maana bamba kubwa lina uzito wa kilo 20 na zaidi, na upepo wa nyanda za juu hulishika kama tanga.

Hatari kubwa iko kwa wale ambao tayari wana stima ya Kenya Power. Stima inapopotea, mfanyakazi wa kampuni hupanda mlingoti akiamini waya umekufa. Kama sola yako imeungwa ovyo na nyaya za nyumba, nguvu zake zaweza kurudi kupitia mita mpaka kwenye transfoma, nayo transfoma huzipandisha kutoka volti 240 hadi maelfu. Mtu anaweza kufa juu ya mlingoti kwa sababu ya taa za jikoni mwako. Lazima iwepo swichi inayotenga sola na stima ya kampuni, au inveta inayojizima yenyewe stima ikipotea. Kujiunga ili kuipa kampuni umeme uliobaki kunaruhusiwa chini ya kanuni za 2024, ila kwa maombi na mapatano. Kwa kila yuniti mbili utakazotoa utahesabiwa moja tu, basi piga hesabu yako vizuri kabla ya kununua mabamba ya ziada.

Mwenye pampu naye asisahau mto. Sheria ya Maji ya 2016 haimdai kibali mtu anayeteka maji ya nyumbani bila mitambo, kwa ndoo au mtungi. Mara tu unapotia pampu mtoni kumwagilia kabichi, hata ikiwa inaendeshwa na jua lisilo na bei, unahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kiombe kabla ya kununua pampu, kwa sababu kiasi cha maji utakachoruhusiwa kuvuta kwa siku ndicho kitakachokuonyesha ukubwa wa pampu na idadi ya mabamba.