Fonestimu "sn-" na Suala la Unasibu wa Ishara katika Msamiati wa Kiingereza

Ferdinand de Saussure, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alishikilia kuwa uhusiano kati ya umbo la neno na maana yake ni wa kinasibu. Hata hivyo, msamiati wa kawaida wa Kiingereza una makundi ya maneno yanayoanza kwa herufi zilezile na kukaribiana kimaana. Makala haya yanafafanua kundi moja, la "sn-", ili kubainisha iwapo makundi hayo yanautangua msimamo huo.

"Sniff" ni kunusa, "snore" ni kukoroma, "sneeze" ni kupiga chafya, "snot" ni kamasi, na "snout" ni pua ya mnyama kama nguruwe. Yote yanahusu pua. Pamoja na hayo, "sn-" si mofimu yenye maana ya pua. Kwanza, ikiondolewa, mabaki kama "-iff" na "-ot" si mizizi yenye maana. Pili, "snow", yaani theluji, na "snake", yaani nyoka, huanza vivyo hivyo bila kuhusiana na pua. Ki- ya Kiswahili katika "kitu" ni tofauti: hubadilika kuwa vi- katika wingi na kutawala upatanisho wa kisarufi. Mwaka 1930, J. R. Firth aliziita sauti za aina ya "sn-" fonestimu: hudokeza maana bila kuwa mofimu.

Je, udokezi huo ni sadfa tu? Historia ya "sneeze" inaonyesha vinginevyo. Katika Kiingereza cha Kale kitenzi hiki kilianza kwa "fn-". Mfuatano huo ulipotoweka, umbo lenye "n-" pekee lilitumika pia kwa muda, lakini lililodumu ni lenye "sn-". Maelezo mojawapo ni kwamba maneno ya pua yaliyokwishakuwapo yalikivuta kitenzi hicho upande wao. Mvuto unaofanana na huo unaonekana katika "kitabu": silabi ki- ilikuwa sehemu ya neno la Kiarabu, lakini wazungumzaji waliichukulia kuwa kiambishi cha ngeli, wakapata "vitabu".

Ushahidi wa kisaikolojia unaelekea hukohuko. Majaribio ya Benjamin Bergen yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa neno la kundi kama la "gl-", mfano "glitter", yaani kumetameta, huharakisha utambuzi wa mwenzake "glow", yaani kung'aa kwa mwanga hafifu, kuliko ufanano wa umbo peke yake au wa maana peke yake.

Kwa hiyo, unasibu unasalia kuwa kweli kuhusu neno moja moja, lakini hauelezi mahusiano ambayo maneno hujenga yakishazoeleka. Kwa mwalimu wa Kiingereza, tofauti hii ni ya msingi: herufi za mwanzo humsaidia mwanafunzi kukumbuka maneno aliyokwisha kujifunza, ila hazimpi idhini ya kukisia maana ya neno asilolijua.