Invata ya Mota: Wapi Inaokoa Umeme na Wapi Haiokoi

Treni ya SGR inayopita Kilosa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, huchota kwenye waya wa juu umeme wa volti 25,000 na hezi 50, yaani mkondo unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Hezi hizo hazibadiliki hata treni ikikimbia kilomita 160 kwa saa. Kinachobadilika ni umeme unaofika kwenye mota, kwa sababu hapo katikati pana invata. Kifaa cha aina hiyo, kwa umbo dogo, hufungwa kwenye pampu, feni na mashine za kusaga.

Mota ya kawaida ya kiwandani hufuata hezi inazopewa. Yenye poli nne kwenye hezi 50 huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Ukitaka iende polepole, punguza hezi. Invata huugeuza umeme wa TANESCO kuwa mkondo mnyoofu, halafu huukatakata na kuuunda upya kwa hezi unazotaka. Volti nazo hushuka kwa uwiano huohuo, la sivyo mota itachemka na kuungua.

Faida kubwa iko kwenye upepo na maji. Boila la kiwanda cha sukari, kama kile cha Ruembe wilayani Kilosa, huchoma makapi ya miwa na huhitaji feni kubwa. Kuibana hewa huku mota ikizunguka kwa kasi yote ni sawa na kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Ukiishusha kasi ya feni hadi asilimia 80, nguvu inayotumika hushuka hadi karibu asilimia 51. Pampu inayopandisha maji kwenye tangi la mlimani hupata nafuu ndogo zaidi, maana mlima haupungui urefu.

Mashine ya kusaga ni habari nyingine. Nyundo zake zinahitaji kasi. Ukiipunguza, kazi inazorota. Mwenye mashine Mikumi akiahidiwa kwamba matumizi yake ya LUKU yatapungua nusu, asikubali. Atakachopata ni mota kuanza taratibu, bila kuvuta mkondo mara sita au saba ya kawaida na kufifisha taa za majirani. Hiyo pekee yaweza kuwa sababu tosha ya kununua invata.

Aifunge mbali na vumbi la unga, lisije likazuia hewa ya kuipooza. Na akishazima, fundi asiifungue papo hapo: kapasita hubaki na umeme unaoweza kuua. Asubiri dakika zilizoandikwa kwenye kasha, kisha apime kwa mita kabla ya kugusa waya.