Waliofungua maduka lami ilipoishia

Mkazi kijana anayepita kwenye maduka ya zamani katikati ya mji wa Isiolo huenda asijue ni nani waliotangulia kuuza hapo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, serikali ya kikoloni iliwapa makao Isiolo askari Wasomali waliokuwa wametumikia jeshi la Uingereza, wengi wao wa koo za Isaaq na Harti. Walifuga, wakauza nyama na kufungua maduka ya sukari, majani chai na nguo. Wafanyabiashara Wahindi nao wakafika. Waborana, Wasamburu na Waturkana walileta mifugo na ngozi, na Wameru wakateremka kutoka Nyambene na nafaka na miraa.

Biashara haikuwa huru. Ng'ombe wa kaskazini waliwekwa karantini Isiolo kabla ya kupelekwa kusini, na chini ya sheria za 1902 na 1934 msafiri wa NFD alihitaji kibali. Aliyezuiliwa alitafuta chai na mahali pa kulala, kwa hivyo kizuizi kilichomuudhi msafiri kilimlisha mwenye hoteli.

Wageni wengi huulizia walikoishi George na Joy Adamson, waliomlea simba Elsa kuanzia 1956. Wachache huuliza kuhusu Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa Juni 1963, ingawa wadi nzima ya mji ina jina lake.

Kisha vikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Wafugaji wengi walipoteza mifugo yao, wakafika mjini mikono mitupu na kuanza upya kwa vibarua na kuuza kuni na maziwa. Leo akina mama wa Isiolo hupakia maziwa ya ngamia kwenye mabasi kila siku hadi Eastleigh, Nairobi.

Lakini majina ya washonaji, wachinjaji na wenye maduka wa zamani hayamo vitabuni. Yamo kwenye leseni, risiti na picha zilizofungiwa masandukuni, na nyumba za zamani zinapobomolewa, karatasi hizo hutupwa pamoja na mabati. Mwenye nazo azihifadhi mahali pakavu. Picha isiyo na jina aipeleke kwa mzee anayewatambua waliomo, kisha aandike nyuma yake, kwa penseli, jina, kazi na duka la kila mmoja.