Vitamini na ugonjwa wa mawazo: tupime udongo mbele ya kutia mbolea



Tangu tupate diploma, wengi wetu tuko nyumbani. Kazi hakuna, familia inauliza, usingizi unapotea. Ukieleza hali yako kwenye farmasi, jibu la haraka ni moja: kompleksi B, kinini ao sindano. «Itakurudishia nguvu, mawazo itapungua.» Bei si kubwa, hawaombi karatasi ya munganga, na hakuna atakayesema eti uko wazimu. Njo maana nataka tuelewane: kwa mtu mwenye depresio, ile tunayoita hapa kwetu «mawazo mengi», vitamini inaweza kusaidia wapi, haiwezi wapi, na ikianza kumsumbua mwilini afanye nini.

Mimi ni mtu wa shamba, si munganga. Lakini kuna kanuni tuliyofundishwa katika agronomia ambayo inaeleza hii mambo vizuri. Katika karne ya 19, mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alieneza sheria ya kiwango cha chini: mmea unakua kadiri ya kile kinachokosekana zaidi, si kadiri ya wingi wa vingine. Kama udongo umekosa fosfori, hata umwage mfuko mzima wa urea, mahindi yatabaki mafupi. Na urea ikizidi, inachoma mizizi.

Mwili nao iko karibu vile. Kukosa vitamini B12 kunaweza kuleta uchovu, ganzi mikononi na miguuni, kusahau-sahau na huzuni. B12 iko katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Katika sombe na maharagi haimo. Mtu anayekula bugali na majani peke yake miaka na miaka anaweza kuikosa. Akipimwa damu, ikaonekana imepungua, akapewa B12, atapata nafuu ya kweli. Kwa huyo, mbolea imeanguka mahali pake.

Lakini watu wengi wenye depresio hawakosi vitamini. Kule Marekani, utafiti uliotoka 2020 ulifuata watu zaidi ya 18,000 wa miaka 50 na kuendelea, kwa muda wa miaka kama mitano. Karibu nusu walimeza vitamini D, wengine walimeza kinini kisicho na dawa ndani. Walioimeza hawakukingwa na depresio kuliko wale wengine. Tena mwongozo wa OMS wa mwaka 2016, ulioandikwa kwa waganga wasio wa magonjwa ya akili, unasema wazi: dalili za depresio zisitibiwe kwa sindano za vitamini. Hatari kubwa iko katika ile miezi mtu anayopoteza akingojea sindano ifanye kazi, na ugonjwa unaendelea kuota mizizi.

Sasa tuje kwa madhara. Mengine ni ya kawaida. Mkojo ukiwa manjano kabisa, ni B2 inayotoka, usiogope. Tumbo likichafuka, meza kisha kula, si asubuhi na njaa. Kama kinini kina chuma (feri), choo kinaweza kuwa cheusi na kigumu: kunywa maji mengi, kula matunda, na usimeze pamoja na chai, juu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Vitamini C ikipita gramu 2 kwa siku, inaweza kuleta kuhara, punguza. B3 nyingi inafanya uso uwake moto na kuwasha. Ikiendelea kwa kipimo kikubwa, inaweza kuumiza ini.

Madhara mengine si ya kuvumilia. Ya kwanza ni ya B6. Mtu mzima anahitaji karibu miligrama 1.3 kwa siku. Soma boksi: kuna vinini vya B1, B6 na B12 vyenye miligrama 100 ao hata 200 za B6. Kumeza vile kwa miezi kunaweza kuharibu mishipa ya fahamu: ganzi, miguu kuwaka, kutembea bila kuwa imara. Na hapo kuna mtego. Mtu akisikia ganzi, anafikiri vitamini haijatosha, anaongeza. Acha kumeza, beba boksi, enda kwa munganga. Ila mgonjwa wa kifua kikuu aliyepewa B6 pamoja na dawa zake asiiache: isoniazidi inamaliza B6 mwilini, njo sababu wanamrudishia.

Vitamini A na D zinawekwa akiba mwilini, hazitoki haraka na mkojo. A ikizidi inaumiza kichwa na ini, na inaweza kuharibu mimba. D ikizidi inaleta kiu, kutapika, kukojoa kila mara, hata mawe katika figo. Nayo folati (B9) kwa wingi inaweza kuficha upungufu wa B12: damu inaonekana nzuri, kumbe mishipa inaendelea kuharibika.

Kwa hiyo, ukimeza, meza aina moja kwa wakati mmoja, maana maboksi mawili tofauti yanaweza kuwa na B6 ile ile. Andika siku uliyoanza. Mwambie munganga dawa zote unazotumia. Na kama ulishapewa dawa ya depresio, usiiache ghafla juu ya vitamini. Ile dawa inaomba wiki kadhaa mbele ya kuonyesha kazi yake; kukawia hakumaanishi imeshindwa.

Huzuni, ao kutopenda tena kitu chochote, ikiendelea karibu kila siku kwa wiki mbili, na kazi ya kila siku ikakushinda, hilo si swali la farmasi tena. Enda kituo cha afya, uombe kuongea na mtu aliyefundishwa. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Kuna matibabu ya mazungumzo, kuna dawa, na watu wanapona. Na kama mwenzako anakuambia kwamba afadhali afe, usimwambie aende kununua kinini. Kaa naye, usimwache peke yake, na mpelekeni siku ile ile.